Jumanne Ile Wagdi Alipokiacha Kipanya

Mimi kazi yangu ni ukaguzi. Programu ikishaandikwa na wale mabwana, inaletwa mezani kwangu niibonyezebonyeze mpaka ivunjike, kisha nawarudishia pamoja na maneno. Maneno ninayo. Waulize watu wa ofisi yetu hapa Mansura, watakwambia Madam Dalal hana breki. Kwa hiyo mtu akitaka habari za Bashmuhandis Wagdi, yaani mhandisi wetu mkuu, asiende kwa vijana, maana wao watamchekesha tu. Aje kwangu. Nimekaa jirani na meza ya yule mtu tangu ofisi ilipokuwa vyumba viwili juu ya duka la viatu.

Wagdi ni mtu wa hamsini na kitu, mrefu, ana tabia ya kukunja mikono ya shati hata wakati wa baridi. Ndiye aliyeandika programu ya kusajili wagonjwa ambayo mpaka leo inatulisha. Sisemi kwamba ni bingwa, mimi simpambi mtu. Aliandika polepole, alikosea kama watu wengine wanavyokosea, na kazi yake nimemrudishia mara nyingi tu. Lakini alikuwa na namna yake ya kuandika, na namna yake ilikuwa kipanya.

Akitaka kuhamisha mstari, mkono wa kulia unaondoka kwenye kibodi, unashika kipanya, unaupaka mstari ule rangi ya buluu kutoka mwanzo hadi mwisho, unapanda juu kwenye menyu, unabonyeza Kata, unashuka, unatafuta mahali, unapanda tena, unabonyeza Bandika. Hapo ndipo mkono unarudi nyumbani. Sisi wa zamani hatukuona ajabu. Kisha wakaja vijana.

Vijana hawa mikono yao haibanduki kwenye kibodi. Kukata ni vidole, kubandika ni vidole, kuruka kutoka ukurasa hadi ukurasa ni vidole. Wapo wanaotumia programu ya kuandikia isiyo na kitufe hata kimoja cha kubonyeza, kioo cheusi tu, na humo kila herufi ni amri mpaka uombe ruhusa ya kuandika. Asiyejua amri ya kutokea, hatoki. Kinara wao Luay alikuwa na msemo wake.

"Tukimfungia ami Wagdi humo ndani, tutamwona sikukuu."

Na kipanya kikikwaruza meza, hakosi la kusema. "Ami, leo unapalilia au unavuna?"

"Navuna, mwanangu," Wagdi atajibu. "Wewe endelea kupiga kinanda chako."

Yanaishia hapo, watu wanarudi kwenye mikate yao ya maharage ya ful. Wagdi hakuona cha kumuumiza. Aliishi na utani ule kama mtu anavyoishi na jirani mwenye redio, mpaka siku Rawan alipoajiriwa.

Rawan ni bintiye. Alisoma chuo hapa hapa Mansura, akafanya usaili na watu wa makao makuu Kairo bila kumwambia baba yake, akapita. Siku yake ya kwanza Wagdi alikuja na sinia zima la keki za basbusa, akazunguka meza hadi meza akisema, "Kula, ya Rawan hiyo, kula." Hata bawabu wa chini alikula. Sijapata kumwona mtu mzima akifurahi namna ile, nikamwambia afute sharubati kidevuni.

Msichana mwenyewe ni wembe. Siku ile ile alifungua kile kioo cheusi, vidole vikaanza kukimbia, na mambo yanayomchukua baba yake kikombe kizima cha chai yeye akayamaliza kabla sukari haijayeyuka. Luay alisimama nyuma yake akatazama, kisha akatangaza ofisi nzima.

"Jamani, huyu si binti wa ami. Walibadilishana hospitali."

Watu wakacheka. Rawan naye akacheka, lakini mimi nilikuwa upande wake na niliyaona masikio yake yalivyokuwa mekundu.

Kuanzia hapo utani wa kipanya ukabadilika ladha. Zamani ulimlenga mtu mmoja aliyekwisha kuuzoea. Sasa kila "ami unapalilia" ilipita kwa Wagdi ikaenda kumchoma Rawan. "Macho umerithi, Rawan, mkono Mungu amekuepusha." Anatabasamu, anainama, anabonyeza kibodi kwa nguvu kuliko inavyohitaji. Wagdi akaona. Mzazi gani asiyeona? Akakitandikia kipanya kitambaa kinene, akawa anakiendesha taratibu kisitoe sauti.

"Unanyatia nini, Wagdi?" nikamwuliza. "Unaiba?"

"Nyamaza, Madam Dalal. Mtoto anafanya kazi."

Sasa ikaja habari ya Daktari Inayat. Huyu ni mteja wetu mkubwa, ana zahanati kuanzia hapa mpaka Damieti, na ni mwanamke asiyeamini ahadi. Kosa akiliona anataka lirekebishwe mbele yake, likionekana ukutani kwa projekta, mwanzo hadi mwisho. "Nimepasua watu umri wangu wote," alipenda kutuambia, "sijamwambia mgonjwa hata mmoja njoo kesho nikushone." Safari hii alilalamika kwamba programu inaonyesha majina matatu ya mgonjwa na kulikata la nne. Kwetu mtu kamili ana lake, la baba, la babu na la ukoo. Ukikata moja, dawa ya huyu inakwenda kwa yule. Programu ni ya Wagdi, kwa hiyo atakayekaa mbele ni Wagdi. Rawan akapangwa kuwa msaidizi wake, na siku ikawekwa Jumanne.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe nilikuwa kwenye jiko la ofisi, yaani kile kichumba tunachochemshia chai, mlango umeegeshwa. Wakaja wawili wakasimama kwenye korido.

"Baba, nataka kukuomba kitu, usikasirike."

"Omba."

"Jumanne usishike kipanya."

Rawan akaendelea upesi.

"Ukuta mzima utaonyesha, baba. Kile kimshale kikianza kutangatanga kutafuta menyu, watu wote wanakiangalia. Luay atakuwepo. Watu wa Kairo watakuwa wanatuona kwa video."

"Kinakuaibisha?"

"Sijasema hivyo."

"Nimeuliza tu, mama."

Kisha akasema, "Kidogo."

Roho iliniuma, na bado sikujua nimwonee huruma nani. Wagdi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi nifundishe."

Akafundishwa. Rawan alimwekea kile kioo cheusi kwenye kompyuta yake, akamfundisha njia moja tu: namna ya kuufikia mstari unaokata jina, kuufuta kwa kubonyeza herufi ile ile mara mbili, kuandika mstari mpya, kuhifadhi. Wagdi aliikariri njia ile kama mgeni anavyokariri njia ya kwenda hospitali kwenye mji asioujua. Ukimpeleka mtaa mwingine, amepotea. Mke wake Ibtisam alinipigia simu. "Dalal, mume wangu ana nini? Anapiga vidole kwenye sahani." Nikamwambia anajifunza kazi. "Sasa hivi?" akasema. "Si alikuwa anaijua?"

Jumanne ile Wagdi alikuja na koti. Nilimwona akichomoa waya wa kipanya, akauzungusha vizuri, akakifungia kwenye droo. Akanitazama, mimi nikajitia kusoma.

Chumba cha mikutano kilijaa. Daktari Inayat alikaa mbele na mkoba wake mapajani, watu wa Kairo walikuwa kwenye kioo kidogo cha pembeni, Luay na wenzake nyuma, mimi karibu na mlango. Wagdi mezani, Rawan bega kwa bega naye, na kila anachofanya Wagdi kinaonekana ukutani kikubwa kama mlango.

"Bashmuhandis, nionyeshe kwanza kosa lenyewe," daktari akasema. "Andika jina langu."

Wagdi akageuza kibodi kuwa ya Kiarabu, akaandika Inayat na majina yake yote. Programu ikala la nne. "Umeona," daktari akasema. "Haya, shona."

Hapo Wagdi akarukia kile kioo cheusi bila kugusa kitu kingine chochote, vidole tu, na nikamwona Rawan akishusha pumzi. Akaufikia mstari kwa vitufe vya mishale. Akabonyeza ile herufi ya kufuta, mara mbili, kama alivyofundishwa. Kimya. Mstari uko pale pale. Akabonyeza tena. Kimya. Jasho jembamba likaanza kumtoka kwenye paji. Akabonyeza tena na tena, kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yenye watu.

Sisi wote tulishajua. Hakuna mtu mwenye kibodi mjini hapa ambaye halijampata. Unaandika jina kwa Kiarabu, unasahau kugeuza, na kile kioo cheusi hakijui Kiarabu, kinakutazama tu. Hutukuta kila siku ya Mungu, tunasonya, tunageuza, tunaendelea. Lakini hutukuta peke yetu.

"Kiarabu, ami," Luay akanong'ona kwa sauti ambayo hata Kairo waliisikia. "Kibodi iko Kiarabu."

Wagdi akashtuka, mkono mmoja ukageuza lugha huku kidole cha mkono wa pili bado kinagonga. Na sasa kioo kikasikia. Mstari ukafutika, na wa chini yake, na wa chini yake, ukurasa ukawa unaliwa mbele ya macho yetu mpaka akainua kidole. Pale ilipokuwa kazi yake ya miaka pakawa peupe. Kuurudisha ni herufi moja tu, mtoto anaijua. Ila haikuwa kwenye ile njia aliyoikariri.

Mkono wake wa kulia ukaondoka kwenye kibodi. Ukaenda upande, ukashuka mezani, ukapapasa. Haukukuta kitu. Ukasogea mbele, ukapapasa tena, vidole vimejikunja vile vile vinavyojikunja kwenye kipanya. Alikuwa bado anatazama ukuta, nadhani hakujua kama mkono unafanya hivyo. Nyuma yangu mtu alicheka puani. Daktari Inayat akainama mbele, akauliza kwa sauti ya kidaktari hasa:

"Bashmuhandis, mkono wako una nini? Umewahi kupata kiharusi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Wagdi akautazama mkono wake, akauweka mapajani, akaushika kwa ule wa pili.

"Hapana, daktari. Mzima."

"Samahani, daktari," Rawan akasema. Alikuwa ameshasimama. Uso umemwiva. "Bashmuhandis ni mtu wa zamani kidogo, hizi si zana zake. Niachie mimi."

Wagdi akasogea na kiti chake chote. Rawan hata hakukaa. Herufi moja, ukurasa ukarudi. Mstari mbovu ukatoka, mzuri ukaingia, ukahifadhiwa, programu ikawashwa upya, na yote hayo bila mkono kuinuka. Jina la Daktari Inayat likasimama ukutani na majina yake manne. Watu wa Kairo wakapiga makofi kwenye kioo chao.

"Sasa huyu," daktari akasema. "Huyu ndiye ninamtaka. Unaitwa nani, binti?"

"Rawan Abdelshakur."

Kwetu mtu kazini huweza kuruka la baba akataja la ukoo, wengi wanafanya, hata mimi nafanya. Sikulitilia maanani. Wagdi naye aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia jibu sahihi.

"Vizuri. Ila langu huenda limepita kwa bahati. Jaribu lingine. Andika lako, yote manne, nikuone na wewe umekamilika."

Rawan akageuza lugha, hakusahau. Akaandika Rawan. Likatokea ukutani. Halafu vidole vile visivyosimama vikasimama.

Mtu asidhani lilikuwa jambo kubwa kwa kuliangalia. Pumzi moja, mbili. Angeandika la baba yake, daktari angesoma, angegeuka kumtazama yule mtu wa zamani aliyekaa pembeni ameushika mkono wake, angesema ala, kumbe. Luay angepata la kusema mwaka mzima. Niliyaona yote hayo yakipita shingoni mwa Rawan, na nilikuwa namwambia moyoni, andika, mwanangu, andika tu, yapite.

Akaandika Farid.

Rawan Farid, kisha la babu, kisha Abdelshakur. Yote manne yakasimama pale ukutani, makubwa, hakuna lililokatwa. Huyo Farid hatumjui. Ofisini hakuna Farid, kwa Wagdi hakuna Farid. Luay alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi mdomo wangu wote huu haukutoa kitu, maana ningesema nini ambacho kisingemwua mmoja wao?

"Imekubali, daktari," Wagdi akasema.

Sauti yake ilikuwa safi. Ndiye peke yake chumba kizima aliyekuwa na sauti.

Daktari Inayat akafurahi, akafunga mkoba, akasaini alichotakiwa kusaini. Mlangoni akamshika Rawan bega. "Baba yako yu hai?"

"Yu hai," Rawan akasema, husikii vizuri.

"Basi mpe salamu zangu huyo Farid. Mwambie Daktari Inayat anasema umelelewa. Mtoto hawi hivi mwenyewe, kuna mtu amekaa naye." Rawan akafungua mdomo. Daktari akasubiri.

"Mimi namfahamu, daktari," Wagdi akasema. "Nitamfikishia."

Alipoondoka, watu wakatoka mmoja mmoja bila kugusana. Luay alipita mbele ya Wagdi akasema "ami", akashindwa kumalizia, akatoka. Mimi nikabaki kukusanya glasi za chai ambazo si kazi yangu kuzikusanya. Jina lilikuwa bado liko ukutani.

"Baba," Rawan akasema.

"Lifute hilo, mama, lisije likaingia kwa wagonjwa wa kweli."

Rawan akaenda mezani. Akaweka mikono juu ya kibodi, haikujua pa kwenda. Machozi yalikuwa yanamdondokea juu ya herufi.

"Nilikuwa naandika lako," akasema. "Wallahi, baba, lilikuwa kwenye vidole."

"Najua."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mimi ndiye niliyekufanyia vile mbele za watu. Nimepapasa meza kama kipofu." Akajaribu kucheka. "Hata ningekuwa mimi, ningetafuta jina lingine."

"Usiseme hivyo."

Wagdi akasogea, akanyoosha kidole, akabonyeza mwenyewe. Kufuta jina moja ni rahisi, programu ni yake. Ukuta ukabaki mtupu. Akakunjua mikono ya shati, kitu ambacho sijamwona akifanya, akaifunga vifungo vizuri, na bila kumtazama akamwuliza kama mtu anayeuliza habari za njiani.

"Huyo Farid ni nani?"

"Si mtu, baba. Lilikuja tu."

Alifikiri kidogo.

"Ni jina zuri," akasema. Kisha akachukua koti lake, akatuambia anashuka kununua sigara, na Wagdi tangu nimjue havuti.